Makokwa ya Mwembe wa Galula

Kaka yangu alinipigia simu asubuhi nikiwa napanga vitenge kwenye meza yangu ya biashara, akaniambia nije kula maembe ya mwisho. Aliniambia kwa furaha, kama mtu anayekualika harusini. Nikamuuliza ya mwisho kivipi, msimu si ndiyo kwanza umeanza? Akasema wachimbaji wa dhahabu wamepima, mwamba unapita chini ya ule mwembe wa nyuma ya jiko, wameelewana, mti unakatwa wakishamaliza kula.

"Wakishamaliza kula nani?" nikamuuliza.

"Sisi wote. Na wewe njoo. Si ndiyo nakuita?"

Nilikata simu kabla sijamtukana. Hapa Tunduma ukigombana kwenye simu barabarani watu wanakukusanyikia, na siku ile madereva wa malori walikuwa wamejaa kwenye foleni hawana la kufanya. Nikaendelea kukunja vitenge, lakini nilikuwa navikunja vibaya.

Ngoja nieleze, maana najua kuna mtu atasema mwanamke huyu anapiga kelele kwa ajili ya mti. Mwembe ule aliupanda mama yangu. Mama alizaliwa Mbangala, akaolewa Galula, na alipokwenda kwa mume alikwenda na kokwa moja la embe amelifunga kwenye pindo la kanga. Hakupewa ng'ombe, hakupewa kitanda. Alijichukulia kokwa. Akalifukia nyuma ya jiko pale ambapo maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa, na mti ukaota kwa maji hayo. Sisi tumekua tunauita mwembe wa mama, kwa sababu ni wake kweli, na pale nyumbani hakukuwa na kitu kingine chochote ambacho mtu angeweza kusema ni cha mama.

Maembe yenyewe, nisidanganye, si ya kujisifia. Ni madogo, yana nyuzi, ukila moja unashinda unachokoa meno. Sokoni ukiyapanga karibu na dodo hakuna anayekutazama. Lakini yana utamu fulani wenye ukali ndani yake, na harufu inayobaki mikononi hata ukinawa kwa sabuni. Mimi nimekula maembe ya kila aina hapa mpakani, ya kwetu na ya Zambia, na sijakutana na harufu hiyo mahali pengine.

Mama alipofariki, shamba likawa la kaka. Hakuna aliyekaa kujadili. Siku ya kugawa vitu nilipouliza na mimi ninapata nini, wajomba walicheka kwa upole, yule mkubwa wao akaniambia, "Mwanangu, wewe una kwako." Binti ni wa kuondoka, si wa nyumbani, atapewa kwa mume. Haya. Ukifika kwa mume ukasema shamba langu, wanakuuliza ulikuja nalo kutoka wapi? Yaani huku si kwako, na kule si kwako, na wote wanakwambia hivyo wakiwa wanatabasamu. Nilipewa vyungu viwili na blanketi, nikashukuru kwa magoti kama nilivyofundishwa.

Kwa hiyo niliposikia mti unakatwa, nilijua kitu kimoja tu. Shamba si langu, mti uko shambani, kwa hiyo mti nao si wangu. Lakini kokwa likishatoka kinywani mwa mtu ni takataka, na takataka haina mwenyewe. Hilo hakuna mjomba anayeweza kuninyang'anya.

Nilimpigia kaka tena jioni nikiwa nimetulia, nikamwomba kwa adabu. Nikamwambia kaka yangu, naomba uwaambie watu hao wachimbe upande mwingine. Akasema, "Dada, dhahabu haichaguliwi pa kukaa." Kesho yake nikampigia tena. Akasema mambo ya wanaume yameshaongelewa. Nikampigia tena Jumapili baada ya ibada nikijua atakuwa na moyo laini, akaniambia mtandao unasumbua. Alikuwa ananisikia vizuri sana. Nilisikia kuku wanalia nyuma yake, nikasikia na mkewe anamuuliza kama ni mimi.

Basi nikaenda. Gari likanifikisha lilipoishia, nikamalizia kwa bodaboda, mvua ilikuwa imenyesha na kijana wa bodaboda ananiambia kila baada ya muda, "Mama, shuka hapa tusukume." Nilifika na tope mpaka kiunoni. Mwembe ulikuwa umebeba kweli kweli, matawi yameinama. Wachimbaji walikuwa wamekaa chini yake wanakula, wanatema, wanafuta midomo kwa migongo ya mikono. Nikatoa mfuko wa salfeti, nikaanza kazi.

Nilimsimamia kila mtu anayekula. "Ukimaliza nipe kokwa." Watoto wa kaka wakaona ni mchezo, wakawa wananiletea mbio. Wachimbaji wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Shangazi, kwani humo nako kuna dhahabu?" Nikamjibu, "Wewe kula, nipe kokwa, chimba shimo lako." Wakacheka zaidi. Kaka akawa anatazama pembeni, anaona aibu dada yake anaokota mabaki ya midomo ya watu. Aone aibu vizuri! Mimi ningemwonea huruma kama angekuwa anaona aibu kwa jambo lenyewe.

Nikarudi nyumbani kwangu Chapwa, hapahapa Tunduma, na nusu salfeti ya makokwa.

Sasa, kusafisha kokwa la embe lenye nyuzi ni kazi, asikudanganye mtu. Ukiliacha na nyama yake, kesho yake ni nzi, kesho kutwa ni ukungu na harufu ya pombe iliyochacha. Nililoweka yote kwenye ndoo usiku, asubuhi nikakaa nyuma ya nyumba na brashi ya kufulia, moja moja, nasugua kwa mchanga mpaka nyuzi zinasimama kama nywele za mtu aliyeamka. Yale yenye tundu dogo niliyatupa, maana hayo ndani yake kuna mdudu ameshatangulia. Kisha nikayatandaza kivulini juu ya gunia, kivulini nasema, si juani, yajikaushe ngozi ya nje tu. Halafu nikachukua beseni kubwa, nikaweka mchanga wa mtoni uliolowana kidogo, nikapanga makokwa, nikafunika kwa mchanga mwingine, na juu gunia bichi. Ndivyo mama alivyokuwa anafanya. Kokwa la embe ndani yake kuna kitu kibichi, laini, kinachofanana na figo, na kitu hicho kinataka unyevu. Kikikauka ndiyo basi.

Nilikuwa siwezi kuyapanda siku ileile. Kiwanja chetu kilikuwa bado hakijazungushiwa uzio, na mbuzi wa Chapwa wanazunguka kama wamelipa ushuru. Mume wangu aliahidi uzio baada ya sikukuu. Alikuwa anapita pale nyuma ananikuta nimeinama juu ya beseni, anasema, "Mke wangu, leo tunakula nini? Makokwa?" Siku nyingine akaniambia kwa sauti ya mtu mwenye busara, "Lakini embe Tunduma? Kwa baridi hii?" Nikamwambia kama halitazaa nitakaa kwenye kivuli chake. Akasema kivuli Tunduma cha nini, sisi tunatafuta jua. Mume wangu ana mdomo, lakini uzio alileta. Miti ya uzio ilikuwa imeshalala pale kiwanjani nilipopata mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Mbozi, wa kahawa. Amezaliwa kwenye kahawa, ameolewa kwenye kahawa, na ukimkatiza usingizi atakuambia kahawa iliyoanikwa jana iko namna gani. Alikuja kutibiwa macho. Walimfanyia jicho moja, wakampa miwani myeusi mikubwa, wakamwambia apumzike, asiiname, asiwe kwenye moshi. Kumwambia mama yule apumzike ni kujisumbua. Siku ya pili nilimkuta amesugua sufuria zangu zote mpaka nyeusi zimekuwa nyeupe. Siku ya tatu amepanga kuni kwa urefu. Nikasema mama, pumzika. Akasema, "Nikikaa ndiyo jicho linauma." Ni mama mzuri, sina ubaya naye. Nalisema hili mapema kwa sababu katika ninayokwenda kuyasema baadaye nilikuwa na hasira.

Jirani yangu akafiwa na mama yake Vwawa. Huwezi kumwacha jirani katika msiba, nikafungasha. Kabla sijatoka nilimpeleka mama mkwe nyuma ya nyumba, nikamwonyesha beseni, nikafunua gunia. Nikamwambia, "Mama, naomba unisaidie kuangalia hizi mbegu zangu, zisiharibike."

Akainama akatazama kwa lile jicho moja. Akashika mchanga, akaona umelowana. Akapangusa vidole kwenye kitenge. Kisha akaniambia, "Nenda mwanangu. Hazitaharibika."

Hivi kwa nini sikusema zaidi? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni kwamba nilikuwa nimesema. Kwa mtu wa kwetu, ukisema kokwa la embe lisiharibike umeshasema lisikauke. Kuna maana nyingine gani? Nikaenda Vwawa, nikapika, nikalia na waliofiwa, nikalala kwenye mkeka na wenzangu mpaka matanga yakaisha. Na kila nilipokumbuka nyumbani nilijisemea, ah, mama yupo.

Nilirudi mchana, jua limewaka baada ya mvua za siku nyingi. Nikaweka mzigo, nikapiga magoti nikamwamkia mama mkwe, akaitikia, akanishika mkono kabla sijanywa hata maji. "Njoo," akasema. Alikuwa na furaha. Tukaenda nyuma.

Alikuwa amejenga kichanja. Sikujua vijiti alivitoa wapi, baadaye niligundua ni miti ya uzio wangu. Kichanja kizuri, kimenyooka, kimetandazwa wavu wa madirisha, kama vile wanavyoanikia kahawa kule kwao. Na juu ya wavu, kwenye jua kali, makokwa yangu yote yamepangwa safu kwa safu, meupe kama mifupa. Beseni limeoshwa, limeegeshwa ukutani. Mchanga amemwaga kwenye njia ili tusiteleze.

Akachukua kokwa moja, akaliweka karibu na sikio langu, akalitikisa.

"Unasikia?" akasema. "Linalia. Nilikuta umeyaacha kwenye unyevu, mwanangu, yangeoza yote. Sikukusema, najua una kazi nyingi. Nimeyageuza kila saa. Usiku nayaingiza ndani, umande usiyaguse. Sasa hata ukiyaweka mwaka mzima hayana neno."

Mungu wangu! Lilikuwa linalia kweli. Kile kitu cha ndani kilichotakiwa kujaa kimesinyaa mpaka kinacheza ndani ya ganda lake. Nikataka kupiga kelele, kelele ya kuwatoa watu wa Chapwa majumbani mwao. Na mbele yangu amesimama mama mkwe na miwani yake myeusi, anasubiri nimshukuru.

Kwetu mkwe hajibiwi. Hakuna aliyeandika mahali, lakini unajua hivyo kabla hujajua kusoma. Mkwe akikosea, hajakosea. Mkwe akisema, umesikia. Ukiwa na neno unalimeza, likikukwama ukapige magoti upya. Basi nikapiga magoti. Nikasema, "Asante mama." Kisha nikaingia bafuni, nikafunga mlango, nikauma taulo.

Mume wangu aliporudi nilimvutia pembeni nikamweleza. Akashika kichwa. Nikamwambia, "Mwambie wewe, ni mama yako." Akasema, "Nimwambieje? Kwamba ameharibu? Mgonjwa? Na alikuwa anasaidia?" Nikamwambia miti ya uzio nayo ameimaliza. Akasema, "Nitanunua mingine." Yaani nakuambia amekufa mtu, unaniambia utanunua sanda. Jioni ile wakati wa kula mama mkwe akasema ugali umepikwa vizuri.

Nilimpigia kaka. Nikasahau hasira zote, nikambembeleza. Nikamwuliza, kaka, kuna embe lolote limebaki juu, hata bovu, hata lililoanguka? Akasema yamekwisha, hata ya chini watoto wameyatumia kufukuzia mbuzi. Akasema na wewe umechelewa, jamaa wanaleta msumeno wa mashine Jumatatu. Aliongea kama ananipa habari za mvua.

Sasa hapo ndipo nilipochachamaa. Nilichukua kisu na jiwe, nikakaa nyuma ya nyumba kwenye ile njia ya mchanga, nikaanza kuyapasua makokwa moja baada ya jingine. Nilikuwa najua, lakini nilitaka kuona. Labda moja tu lililokuwa kivulini. Labda moja lililokuwa chini ya mengine. Napasua, natoa, kile cha ndani ni cheusi, kimekunjamana, kigumu. Natupa. Napasua jingine. Machozi yananitoka na kamasi nazo, nafuta kwa bega.

Mama mkwe akatoka. Akasimama. Akaniuliza, "Mbona unavunja mbegu?"

Nikasema, "Yamekufa, mama." Niliisikia sauti yangu, haikuwa sauti ya kumjibia mkwe. "Yamekufa yote."

"Mbegu inakufaje kwa kukauka?" akauliza. Aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Mahindi tunayakausha. Maharage tunayakausha. Mbegu yoyote ukiitikisa lazima isikike."

"Embe si mahindi, mama! Embe linatakiwa kukaa bichi. Ndiyo maana niliweka mchanga. Ndiyo maana nililowesha. Nilikwambia zisiharibike!"

Loo, nilishafanya. Nimempandishia sauti mama mkwe, mgonjwa, nyumbani kwa mwanawe. Nikangoja radi. Yeye akachuchumaa na kuinama, jambo alilokatazwa na daktari, akaniomba kisu. Akachukua kokwa, akalipasua kwa ustadi wa mtu aliyezoea visu, akatoa kile kitu, akakibonyeza kwa kucha, akakileta karibu na jicho zima. Akapasua jingine. Akapasua la tatu. Kisha akaanza kusema Kinyiha, lugha ya kwao Mbozi, kwa sauti ya chini, peke yake, na mimi Kinyiha chake nakisikia nusu. Nusu niliyoisikia alikuwa anajitukana.

Aliporudi kwenye Kiswahili akaniuliza, "Si kuna mti? Si utapata mengine mwakani?"

Hapo nikamwambia yote. Mbangala, pindo la kanga, maji ya vyombo, kaka, wachimbaji, msumeno, Jumatatu. Nikamwambia kwamba mama yangu hakuacha hata picha. Nilikuwa sijawahi kumwambia mama mkwe maneno mengi namna hiyo kwa mara moja tangu niolewe. Alinisikiliza akiwa amechuchumaa, na kisu mkononi.

"Wanakata mti unaozaa?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mti unaozaa?" Akasimama kwa kushika ukuta. Mibuni ya kule kwao mingine ilipandwa na babu wa mumewe, wanaikata juu ichipue upya, lakini kisiki hakuna anayekigusa. Kwake yeye kung'oa mti unaozaa ni kitu wanachofanya vichaa. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Jumatatu ni keshokutwa. Niitie mwanangu atutafutie gari la kesho."

Mume wangu alikataa, daktari alikataa kupitia mdomo wa mume wangu, jirani alikataa. Mama mkwe akawa ameshafunga kitambaa kichwani. Kwenye bodaboda ya kuingilia Galula alikaa upande, miguu pamoja, kitenge kimebanwa, miwani myeusi usoni, ameshika bega la dereva kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kitu kichafu. Mimi nilikuwa kwenye bodaboda ya nyuma nasali asianguke. Palipokuwa na tope dereva wake hakuthubutu kumwambia ashuke. Alishuka dereva mwenyewe akasukuma.

Laiti ungemwona kaka yangu! Alikuwa amekaa mlangoni na fulana, anakula karanga. Kuinua macho, anamwona mama mkwe wa dada yake anaingia uani bila taarifa. Aliruka. Karanga zikamwagika. Akaingia ndani akatoka na shati, akalivaa vibaya, akarudi akachuchumaa mbali, akapiga makofi taratibu ya kuamkia, macho chini. "Shikamoo mama. Karibu mama. Karibu sana mama." Mkewe akakimbilia kiti, mtoto akatumwa kukamata kuku, kuku akaanza kukimbizwa na ukoo mzima. Wachimbaji waliokuwa wanapiga soga nyuma ya jiko wakasimama, wakavua kofia.

Mama mkwe hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akasimama chini ya mwembe, akatazama juu muda mrefu. Akageuka.

"Baba," akamwambia kaka yangu, "nimekuja kuomba."

"Omba mama," kaka akasema, bado amechuchumaa, "omba chochote."

"Naomba mti huu."

Simu zote zile nilizompigia. Dhahabu haichaguliwi pa kukaa. Mambo ya wanaume yameshaongelewa.

"Mama," kaka akasema, "huo ni wako."

Hivyo tu. Hakuuliza wa nini. Hakusema mtandao unasumbua. Akawageukia wachimbaji, akawaambia jamani, mkwe ameomba. Na wale wachimbaji, ambao mimi niliambiwa wamepima, mwamba uko hapa na hapa tu, mkubwa wao akakuna kichwa akasema hakuna shida mzee, tunaweza kuanzia kule upande wa banda la mbuzi, mwamba kule nako unapita. Kule nako unapita! Nilikuwa nimesimama palepale. Nilitaka kuokota jiwe.

Mama mkwe akala kuku, paja na firigisi. Mimi ndiye niliyemnawisha mikono, kwa magoti, na nilimnawisha kwa moyo wote, maana yule mama alikuwa amenipa kitu ambacho watu wa damu yangu walininyima. Kisha nikamkuta kaka jikoni anahangaika na chai. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuomba mara ngapi?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Sasa dada, yule ni mkwe. Mkwe unamkataliaje? Wewe si mtu wa nyumbani?"

Mtu wa nyumbani! Siku ya kugawa shamba mimi ni wa kuondoka. Siku ya kuomba mti mimi ni wa nyumbani, sina haja ya kusikilizwa. Nikamwambia weka majani mengi, mama anapenda chai nzito. Nikatoka.

Mwembe upo mpaka leo. Shimo lao liko upande wa banda la mbuzi, na sijasikia kama wametajirika. Msimu uliofuata nilikwenda na salfeti yangu, nikakuta umezaa. Binti mkubwa wa kaka akanikimbilia njiani, amefurahi, akanipokea mzigo akasema, "Shangazi, umekuja kwa wakati! Mwembe wa mkwe umeiva!"

Nikasimama. "Mwembe wa nani?"

"Wa mkwe. Ule wa nyuma ya jiko. Baba ndivyo anavyouita. Wote tunauita hivyo."

Nikaweka salfeti chini. Nikamshika mkono yule mtoto, nikapita naye uani mbele ya baba yake bila kumwamkia, nikampeleka mpaka kwenye shina, nikamwambia aliguse. Nikamwambia aseme: mwembe wa bibi. Akasema. Nikamwambia aseme tena, kwa nguvu, baba yake asikie.